Tembo Kumi Wakija Siku Nane

Nilikuwa nimeandika namba mbili ubaoni: 38,975 na 13,084. Ya kwanza ni makadirio ya tembo wa Selous, pori la akiba kusini mwa Tanzania, na maeneo yanayoizunguka mwaka 2009. Ya pili ni ya mwaka 2013. Nilitaka darasa lizitazame kimya kwa dakika moja, maana mimi mwenyewe kila nikiziona pamoja moyo unaniuma. Miaka minne tu, na katika kila tembo watatu, wawili hawapo.

Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono kabla dakika haijaisha.

"Mwalimu, nani alikwenda kuwahesabu?"

Nikadhani anataka jina la taasisi. Nikamwambia kazi hiyo husimamiwa na TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, na kwamba makao yake yako Arusha. Akatikisa kichwa.

"Kwetu ni Liwale, jirani na Selous. Mwaka juzi tembo waliingia shamba la babu usiku nane mfululizo, mahindi yanakomaa. Hawakuacha kitu. Kijiji kizima wanasema tembo wameongezeka. Sasa hao waliosema wamepungua, walifika kwetu lini?"

Wenzake hawakucheka. Wengi wao wametoka Nanyumbu, Tandahimba, Ruangwa, Nachingwea; wapo wanaojua mlio wa debe linalopigwa usiku kufukuza wanyama shambani. Kipindi kikaisha kabla sijapata jibu linalomfaa, na njia nzima ya kurudi nyumbani, kutoka shuleni hadi ninakoishi upande wa Mikindani, nilikuwa nalo swali lile.

Nafundisha baiolojia hapa Mtwara mwaka wa kumi na mbili sasa. Mada ya kukadiria idadi ya wanyama imo katika ikolojia ya kidato cha tano na sita, na kwa miaka mingi niliifundisha kwa njia fupi: kanuni ubaoni, mfano mmoja, maswali matatu ya mitihani iliyopita, tumemaliza. Wanafunzi walifaulu. Waliweza kuzidisha, kugawanya na kuorodhesha masharti ya njia hiyo bila kukosea hata moja. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama jibu alilopata ni la kweli, na mimi sikuwahi kuona kwamba hilo ni pengo. Binti wa Liwale ndiye aliyelionyesha.

Kipindi kilichofuata nikaanza na swali lake. Kijana wa nyuma akalijibu haraka: "Kwa hiyo wanabahatisha."

Nikaliandika neno lile ubaoni. Kubahatisha. Pembeni nikaandika kukisia, halafu kukadiria. Tunasoma sayansi kwa Kiingereza, na neno moja la kitabuni lilikuwa limeyameza yote matatu vichwani mwao. Nikawaambia wanieleze tofauti kwa maneno ya nyumbani, bila kamusi. Walibishana vizuri. Kubahatisha, wakasema, ni kama kutaja namba ya bahati nasibu. Kukisia ni kumwona mtu kwa mbali ukasema anaweza kuwa na miaka arobaini. Na kukadiria? Wakakwama hapo, mpaka msichana mmoja wa Newala akasema: "Ni kama bambo."

Aliyelelewa kwenye korosho hahitaji kuelezwa zaidi. Gunia linafika ghalani, mtu anachoma bambo, kile chuma chenye ncha na uwazi cha kuchotea sampuli, zinatoka korosho chache. Anachoma gunia jingine, na jingine. Zile chache zinakatwa, nzuri zinahesabiwa, zilizooza na zilizosinyaa zinahesabiwa, na kwa hizo chache ndipo inajulikana mzigo wote ni wa daraja gani. Hakuna anayekata korosho zote za ghala. Angezikata zote asingebakiwa na cha kupeleka mnadani.

"Lakini," nikamuuliza, "mwenye bambo akichoma upande wa juu tu wa gunia?"

"Anadanganyika. Au anadanganya."

Hapo nikajua tuna pa kuanzia. Anayekadiria anachukua sehemu kwa utaratibu ambao mwenzake anaweza kuukagua, na anakwambia anaweza kuwa amekosea kwa kiasi gani. Anayebahatisha hana vyote viwili. Nikamwomba binti wa Liwale anipe muda, kwamba swali lake nitalijibu, ila tutalifikia kwa miguu.

Jumatatu nilikwenda na korosho ghafi kwenye mfuko wa salfeti, kilo mbili na kitu. Nilizihesabu nyumbani usiku, nikaandika idadi kwenye karatasi, nikaikunja na kuigandisha chini ya meza yangu. Darasani tukatoa korosho 50, tukazitia alama kwa maka peni, tukazirudisha mfukoni na kuchanganya vizuri. Kisha makundi matano, kila kundi kwa zamu yake, yakachota korosho 50 bila kutazama, yakahesabu zenye alama na kurudisha zote kabla kundi jingine halijachota.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kama katika korosho 50 ulizochota 5 zina alama, basi moja ya kumi ya ulichochota ina alama. Ukiamini kwamba mfuko mzima uko hivyo hivyo, zile 50 ulizotia alama ni moja ya kumi ya mfuko wote. Mfuko una korosho 500. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuifanya.

Makundi yalipata korosho zenye alama 6, 5, 8, 4 na 7. Makadirio yao yakawa 417, 500, 313, 625 na 357.

Kelele zikaanza. Kundi la 625 likalishutumu la 313 kwamba halikuchanganya. La 313 likasema la 625 lilichota juu. Niliwaacha wabishane, maana ubishi ule ndio uliokuwa somo. Mfuko ni ule ule, njia ni ile ile, mikono ni ya watu waaminifu, na majibu yanapishana maradufu. Hakuna aliyekosea. Sampuli ndogo ina tabia ya kuyumba, na inapotokea umekamata wachache wenye alama, korosho moja zaidi au moja pungufu inalitupa jibu mbali sana.

Kisha nikawaambia wajumlishe. Kwa pamoja walikuwa wamechota mara tano, jumla korosho 250, na zenye alama 30. Wakakokotoa upya: 417. Nikabandua karatasi chini ya meza. 431.

Nimeona wanafunzi wakifurahia matokeo ya mtihani, lakini ukimya wa pale karatasi ilipofunguliwa ulikuwa wa namna nyingine. Walikuwa wamefika karibu kiasi kile na kitu ambacho hawakukiona. Binti wa Liwale akauliza jambo ambalo nililisubiri: "Na porini, karatasi ya chini ya meza anayo nani?"

Hakuna anayo. Huo ndio ugumu wote wa kazi hii, na ndiyo sababu masharti ya njia lazima yaangaliwe kwa jicho kali, kwa kuwa hakuna wa kukubandulia karatasi mwishoni.

Njia hii ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Pierre-Simon Laplace aliitumia fikra yake mwaka 1802 kukadiria watu wa Ufaransa. Wilaya chache zilihesabiwa watu wake wote, akatafuta uwiano wao na vizazi vilivyoandikishwa, akaupeleka uwiano huo nchi nzima na kupata zaidi ya watu milioni 28. Kinachonifanya nimheshimu ni kwamba alikokotoa pia uwezekano wa kuwa amekosea. Mwishoni mwa karne ya 19 Johannes Petersen wa Denmark alikuwa akiwatia alama samaki bapa, ndugu wa gayogayo wetu. Mwaka 1930 Frederick Lincoln wa Marekani akaitumia kwa mabata pori waliovishwa pete miguuni, pete ambazo wawindaji walizirudisha. Kitabu cha shule kinataja majina ya hao wawili wa mwisho kwenye kanuni na kuendelea mbele. Wanafunzi wangu walipenda zaidi kusikia kwamba ilianza na watu kuhesabu watu.

Korosho hazitembei. Hilo nililiacha makusudi, kwa sababu nilijua wapi pa kulifundishia.

Jumamosi moja tukaenda kwenye mikoko ya Mikindani. Tulichagua konokono wa mikoko kwa kuwa ni wengi, ni wapole, na gamba lao linashika rangi. Tulizungushia kamba eneo la mita ishirini kwa ishirini. Rangi ilikuwa ya kucha, nyekundu, chupa tatu za sokoni. Nilisisitiza tone dogo, tena upande wa chini wa gamba, kwa sababu alama ikimfanya mnyama aonekane haraka na ndege au kaa, utakuwa umemuua na umeiharibu hesabu yako kwa pamoja. Maji yalikuwa yanakuja. Konokono walikuwa wamekwisha panda kwenye mashina, wamejipanga kama vifungo vya shati. Tulitia alama 120 na kumrudisha kila mmoja kwenye shina lake.

Baada ya wiki tukarudi. Wanafunzi wakatawanyika ndani ya kamba, wakaokota konokono 90. Wenye alama walikuwa 3.

Wakakokotoa haraka: 3,600. Wiki iliyopita tulitembea eneo lile lile na hakuna aliyedhani wanaweza kufika hata 1,000. Mmoja akasema rangi imebanduka. Tukakagua, wale watatu rangi yao ilikuwa nzima kabisa. Mwingine akasema wamekufa, na tukatafuta magamba matupu yenye alama tusiyaone. Mimi nilikuwa na wazo langu lakini nilinyamaza.

Aliyelifumbua ni kijana wa Msimbati, mtoto wa mvuvi, ambaye darasani huwa hasemi. Alikuwa amesimama anatazama mkondo.

"Mwalimu, siku ile ilikuwa bamvua. Leo maji mafu. Hawa leo hawana haja ya kupanda."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kwanza maji makubwa yalikuwa yanaingia, na konokono hawa hupanda mashina kabla maji hayajawafikia. Tukaokota wa kwenye mashina, wale walio usawa wa mkono. Siku ya pili maji hayakufika kwenye mashina, konokono wametawanyika topeni, na wanafunzi waliokota zaidi upande wa mkondo ambako tope ni jepesi kutembea. Tulikuwa tumetia alama mahali pamoja na kutafuta mahali pengine. Ni bambo lililochomwa juu tu ya gunia.

Njia hii inadai kwamba kila mnyama awe na nafasi sawa ya kukamatwa. Wanafunzi wangu walilijua sharti hilo kwa kichwa, kwa Kiingereza safi, la tatu katika orodha. Pale kwenye tope ndipo walipolielewa, na aliyewaelewesha ni mtu ambaye aliijua bahari kabla hajaijua kanuni. Nilimwambia hivyo mbele ya wenzake. Tangu siku ile anasema darasani.

Tukasubiri bamvua nyingine, wiki mbili tangu siku ya kwanza, saa ile ile ya maji. Tukaokota konokono 95 kwenye mashina. 14 walikuwa na tone jekundu. Makadirio: 814. Kijana wa kubahatisha akaniuliza kama sasa tumepata jibu. Nikamwambia tumepata jibu ambalo naweza kulitetea zaidi ya lile la 3,600, na kwamba bado lina walakini wake: wiki mbili ni muda mrefu, wapo walioingia na waliotoka chini ya kamba yetu. Akaandika yote mawili kwenye daftari lake, namba na walakini. Nikafurahi kuliko angeandika namba peke yake.

Wanyama wengine wana tabia zao. Panya aliyeingia mtegoni akakuta karanga, akaachiwa bila kuumizwa, kesho atarudi mwenyewe; alama zitaonekana nyingi na utadhani panya ni wachache kuliko walivyo. Aliyetishika hatarudi, na utadhani ni wengi. Kwa chui hakuna haja ya rangi, maana madoa yake ni kama alama za vidole, hayafanani na ya mwenzake. Kamera inayojipiga yenyewe mnyama akipita inatosha. Ullas Karanth alionyesha jambo hilo kwa michirizi ya chui milia kule Nagarahole, India, katika utafiti alioutoa mwaka 1995. Na wapo ambao huwaoni kabisa, unawasikia tu. Komba mdogo wa Rondo, aliyetambuliwa rasmi kama spishi mwaka 1997, ana uzito wa gramu 60 hivi na anaishi katika vipande vichache vya misitu ya pwani, ukiwamo msitu wa Rondo kwenye mkoa wa Lindi. Watafiti humtafuta usiku na kumtambua kwa mlio wake. Laiti mada hii ingepewa wiki nzima zaidi kwenye muhula, ningelipeleka darasa Rondo wakamsikilize.

Lakini nilikuwa na deni la tembo.

Tembo huwezi kumpaka rangi ya kucha. Kwa eneo kubwa na lenye uwazi kama Selous, wanahesabiwa kwa ndege ndogo. Ndege inaruka kwa mistari iliyonyooka na inayolingana, kama mita 100 juu ya ardhi, mstari mmoja baada ya mwingine kutoka mpaka hadi mpaka. Nyuma wanakaa waangalizi wawili, mmoja kila upande. Kwenye vyuma vinavyoshikilia bawa zimefungwa fimbo mbili, na kile kinachoonekana kati ya fimbo hizo ni mkanda wa ardhi wenye upana unaojulikana, kwa kawaida mita 150 hivi. Mnyama aliye ndani ya mkanda anahesabiwa, aliye nje haandikwi hata kama ni dume lenye pembe zinazogusa chini. Kundi kubwa linapigwa picha ili lihesabiwe tena mezani. Rubani akipanda juu kidogo, mkanda unapanuka, kwa hiyo mwinuko nao unarekodiwa muda wote. Mwisho unajua umetazama sehemu gani ya eneo lote, na unakadiria zima kutokana na sehemu.

Niliwachezesha mchezo huo uwanjani. Tulipima uwanja tukaugawa mikanda 20, tukamwaga vizibo vya soda 240. Kila kundi lilipiga kura ya mikanda mitano, likahesabu vizibo vya humo na kuzidisha kwa nne. Vizibo vilipomwagwa vikatawanyika vizuri, makundi yote yalifika karibu na 240. Kisha nikamwomba binti wa Liwale avipange anavyotaka yeye. Akachukua 180 akavilundika pembeni chini ya mwembe, vikagusa mikanda miwili, tisini kila mmoja. Vilivyobaki akavisambaza sawasawa, vitatu kila mkanda. Kundi la kwanza halikupata mkanda wa mwembe: makadirio yao 60. La pili lilipata mmoja: 420. La tatu likapata yote miwili: 780.

"Tembo wanakaa hivi," akasema. "Hawakai kama mahindi."

Alikuwa sahihi. Wanyama wa makundi wanaongeza shaka ya makadirio, na wataalamu wanalijua hilo, ndiyo maana huzidisha mistari pale wanakojua wanyama ni wengi na kuipunguza kwingine, na ndiyo maana kila makadirio ya kweli yanakuja na kiasi cha kupanda na kushuka pembeni yake. Magazeti hukiacha kiasi hicho. Naomba wahariri wasikiache. Msomaji wa Liwale ana haki ya kujua kwamba namba ile ina upana.

Kuna jambo jingine nililowaonyesha kwenye mchezo ule. Kundi moja lilipita mkanda usio na kizibo hata kimoja, kwa kuwa upepo ulikuwa umevisogeza, na halikuandika chochote. Nikawarudisha. Mkanda mtupu unaandikwa sifuri. Ukiacha kuandika sifuri, wastani wako unatokana na mahali penye wanyama tu, na utahesabu wanyama wengi kuliko waliopo. Mwangalizi angani anaweza kupita kilomita na kilomita za miombo bila kuona kitu, na kilomita zile ni sehemu ya jibu sawa na zile alikoona kundi la hamsini.

Hapo ndipo nilipomrudia binti yule.

Nilimwomba anisimulie tena habari ya babu yake. Usiku nane mfululizo. Walikuwa wangapi? Babu alisema kumi, kwa nyayo na kwa mabua yaliyolala. Usiku wa pili? Kumi hivi. Wa tatu? Hivyo hivyo. Nikaandika ubaoni: tembo kumi wakija siku nane. Nikauliza darasa, hao ni tembo wangapi?

Wapo walioanza kusema themanini, wakaishia katikati.

Kwa mahindi ya babu, nikasema, hao ni tembo themanini. Hasara ni ya themanini. Njaa ya nyumba ile ni ya themanini. Hakuna takwimu ya ndege inayoweza kumwambia mzee yule kwamba hakuumizwa, na kifuta jasho hakirudishi msimu uliopita. Lakini kwa Selous wanaweza kuwa kumi, wale wale, waliojifunza njia ya shamba moja. Babu aliona kweli. Waliokuwa angani nao waliona kweli. Wamehesabu vitu viwili tofauti, na kijiji na kitabu vinatumia neno moja: wengi.

Nikawaambia pia kwamba ndege zile hazikuhesabu walio hai tu. Mizoga nayo ilihesabiwa. Katika sensa kubwa ya tembo wa savana Afrika, iliyotolewa mwaka 2016 na kukadiria tembo 352,271 katika nchi 18, mizoga ikizidi asilimia 8 ya tembo wote walioonekana, hai na waliokufa, ilichukuliwa kuwa dalili kwamba vifo vinazidi vizazi. Hiyo ni njia ya pili ya kukagua jibu la kwanza. Selous iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 2014 kwa sababu ya ujangili, na UNESCO ikasema tembo wake walikuwa wamepungua kwa karibu asilimia 90 tangu ilipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka huo wa 2014 sensa ilikadiria tembo 15,217 katika mfumo wa Selous na Mikumi. Nikawauliza: 13,084 na 15,217, wameongezeka? Kijana wa kubahatisha ndiye aliyejibu. Akasema hawezi kujua mpaka aone upana wa kila namba, huenda ni mfuko ule ule umechotwa mara mbili.

Sikuongeza neno.

Kabla ya likizo ya Juni binti wa Liwale alinifuata ofisini. Alitaka kujua kama mtu asiye na ndege anaweza kufanya hesabu ya maana. Nikamwambia vipo vitu vinavyohesabika kwa miguu, kwamba hata watafiti hukadiria tembo wa msituni kwa vinyesi, wakijua tembo mmoja hutoa vingapi kwa siku na kinyesi huchukua muda gani kuoza. Njia iwe ile ile kila siku, saa iwe ile ile. Na nikamwekea sharti: jua liwe limetoka, na asiende bila mtu mzima.

Aliporudi alileta daftari. Kila siku, pamoja na babu yake, alikuwa ametembea kutoka nyumbani hadi shambani, hatua 2,400 kwa hesabu yake. Babu ndiye aliyemfundisha kutofautisha kinyesi cha usiku huu na cha juzi, kwa kukichokoa na kijiti na kutazama unyevu na wadudu. Siku ishirini na nne. Siku nne zilikuwa na namba: 3, 1, 5, 2. Siku nyingine zote ishirini alikuwa ameandika 0, kwa wino, moja moja, kila siku kwenye mstari wake.

Nilizipitia zile sifuri kwa kidole. Ningeweza kuona ni asubuhi zipi alizochoka, maana mwandiko ulilala, lakini aliziandika.

Nikamuuliza babu alisemaje. Akasema mwanzoni alikasirika, kwamba anaandika siku ambazo hakuna kitu, na siku alizopata hasara hazimo. Halafu siku moja njiani akamwambia arudi nyuma aandike na mwaka juzi.

Ukurasa wa kwanza wa daftari upo wazi, umechorwa mistari tayari. Likizo ya Desemba watakaa pamoja, mzee atasimulia usiku zile nane kwa mpangilio, na zile za kabla yake na za baadaye, ambazo walisikiliza mpaka asubuhi na hawakuja.